Robo Shekeli Mfukoni mwa Mtumishi

Fungu la somo: 1 Samweli 9:1-10. Soma pia Mathayo 17:24-27 na 2 Wafalme 4:1-7.

 

Leo tunaanza na punda waliopotea. Mzee Kishi wa kabila la Benyamini aliangalia akakuta punda wake hawako. Akamwita mwanawe Sauli, akamwambia achukue mtumishi mmoja waende wakawatafute. Basi. Hakuna malaika aliyetokea, hakuna sauti kutoka mbinguni. Ni baba anamtuma kijana wake, vile wewe jana ulimtuma wako akuletee unga. Na Sauli, kijana ambaye Biblia inasema aliwapita watu wote kwa urefu kuanzia mabegani kwenda juu, hakubishana. Aliondoka akaenda.

Walizunguka. Ukisoma mstari wa nne utaona wamepita nchi ya vilima ya Efraimu, wakapita Shalisha, wakapita Shaalimu, wakarudi Benyamini, na punda hakuna. Mstari wa 20 unatuambia hao punda walikuwa wamepotea siku tatu. Hebu fikiria siku tatu za kuuliza watu kando ya njia, "Samahani, hamjaona punda?" Walipofika nchi ya Sufu, Sauli alichoka. Akasema turudi nyumbani, baba asije akaacha kuwaza punda akaanza kutuwaza sisi. Mimi nampenda Sauli wa sura hii. Yule wa baadaye ana mambo yake, lakini huyu wa sura ya tisa anafikiria presha ya mzee wake.

Hapo ndipo mtumishi anaongea. Jina lake hatulijui, halikuandikwa. Anasema, huu mji uko na mtu wa Mungu, twende kwake. Sauli anajibu, tutaenda na nini mkononi? Hata mkate umetuishia. Na yule mtumishi anasema, mimi hapa niko na robo shekeli ya fedha.

Robo shekeli ni ngapi? Shekeli ilikuwa uzani, kama gramu 11 hivi. Robo yake haifiki gramu 3. Sarafu zenyewe, hizi za kupigwa muhuri, zilikuwa hazijabuniwa. Zilikuja miaka kama 400 baadaye kule Lidia, nchi ambayo leo iko ndani ya Uturuki. Kwa hivyo mtumishi alikuwa na kijipande tu cha fedha, cha kuwekwa kwa mizani, kimebaki baada ya siku tatu za safari. Kwa lugha yetu ya stage, alikuwa na chenji. Na angalia ni nani alikuwa nayo. Mwana wa tajiri alikuwa mikono mitupu. Aliyekuwa nayo ni yule wa kutumwa.

Kabla sijaendelea, acha niseme kitu. Kuna wahubiri wanatumia mstari huu kuuza maombi. Wanasema, unaona, huwezi kumwendea nabii mikono mitupu, weka kitu ndio uombewe. Mimi siwezi kuusoma hivyo. Biblia hata haituambii kama Samweli aliipokea ile robo shekeli. Inatuambia tu kwamba Samweli ndiye aliyewapa chakula, akamwekea Sauli paja la nyama ambalo alikuwa amelihifadhi tangu mapema. Na ukienda sura ya 12, mzee Samweli amezeeka, ana mvi, anasimama mbele ya taifa zima na kuuliza ni ng'ombe wa nani amemchukua, ni punda wa nani amemchukua, ni nani amemdhulumu. Watu wakajibu hakuna. Huyo ndiye nabii wa Biblia. Mtu akikuambia maombi yana bei, muulize kama anaweza kusimama na kuuliza swali hilo la Samweli mbele ya majirani zake.

Turudi kwa mtumishi. Walipokuwa wanapanda mjini walikutana na wasichana wanatoka kuteka maji. Hao nao wametumwa! Mitungi iko mabegani, na ndio waliowaonyesha njia, wakawaambia fanyeni haraka, yuko mbele yenu. Halafu mstari wa 15 unafungua pazia. Siku moja kabla, Bwana alikuwa amemwambia Samweli kwamba kesho saa kama hizi atamtumia mtu kutoka nchi ya Benyamini. Mnaona hapo? Kishi anasema, nimemtuma kijana wangu kutafuta punda. Mungu anasema, nimemtuma kwako huyo kijana. Safari ni moja. Na punda wenyewe, kumbe walikuwa wameshapatikana.

Si Sauli peke yake. Daudi alifikaje vitani kwa Goliathi? Alitumwa na mzee Yese awapelekee kaka zake efa ya bisi na mikate kumi, pamoja na jibini kumi za mkuu wa kikosi. Alikuwa delivery ya chakula, kama wale vijana wa boda. Na mimi kuna kitu kidogo kinanifurahisha katika 1 Samweli 17. Alipoondoka nyumbani, aliwaacha kondoo na mchungaji mwingine. Alipofika kambini, aliacha mizigo kwa mtunza vyombo, ndio akakimbia kuona vita. Kondoo hawakuachwa ovyo, na jibini haikutupwa kando ya njia ati kwa sababu kuna jitu la kuuawa. Kijana alimaliza ya nyumbani kwanza.

Wengi wetu hapa tulilelewa kwa kutumwa. Mimi nilitumwa sana. Mama alikuwa anafunga pesa kwa pindo la leso, anafungua fundo polepole, ananipa shilingi mkononi na kunifunga vidole yeye mwenyewe. Sukari robo, chumvi, kiberiti. Nilikuwa nikirudi, kabla hata hajaangalia sukari, ananyoosha kiganja: "Chenji iko wapi?" Anahesabu. Ilikuwa zile senti kubwa za kahawia, ndururu na senti kumi. Wazee wangu hapa wanakumbuka hata zile za ukoloni zenye tundu katikati. Nilidhani ni ukali. Siku moja nikiwa kidato cha kwanza alinipa karo ya muhula mzima nipeleke shuleni peke yangu, noti zimekunjwa ndani ya soksi, na hakuniambia hata neno moja la kunionya. Alikuwa amemaliza kunipima zamani kwa chenji ya kiberiti. Luka 16:10, Bwana Yesu anafundisha jambo hilo hilo, kwamba mtu anajulikana kwa kidogo kabla hajakabidhiwa kikubwa.

Sasa kuna kutumwa kwa aina nyingine, na hapa nataka tunyamaze kidogo.

Kuna mtoto anatumwa kwa mama mboga bila pesa. Anaambiwa, "Enda uambie mama akupatie sukuma ya thelathini na nyanya mbili, umwambie mama atalipa kesho." Wiki iliyopita alisema kesho. Juzi alisema kesho. Mtoto anajua. Anafika pale kwa kibanda anasimama nyuma ya wateja wengine, anangoja waishe ndio aongee, kwa sababu anaona haya kusema hayo maneno mbele ya watu. Mama mboga naye anamwangalia, anaangalia daftari, anaangalia mtoto. Ana moyo wa mama, anakata sukuma. Lakini naye alfajiri alikuwa sokoni, alinunua kwa pesa taslimu, na yule wa mkokoteni hakumbebea gunia kwa kuambiwa kesho.

Mtoto huyo anarudi na mboga na ametumikishwa kubeba kitu kizito kuliko mboga. Mithali 3, mstari wa 27 na 28, Neno linatuzuia tusimnyime mtu haki yake wakati uwezo uko mkononi, tusimwambie jirani arudi kesho na kitu kiko kwako leo. Sisemi juu ya mtu ambaye hana. Asiye na kitu hana, na Mungu anajua, na kanisa linapaswa kujua. Nasema juu ya mtu ambaye yuko nacho, ila kimekaa kidogo kidogo mahali pengi kiasi kwamba hakihesabu kuwa ni pesa.

Na kiko. Tembea ndani ya nyumba yako leo jioni. Kuna kifaru kwa droo ya vijiko. Kuna simba wawili chini ya kiti. Mnajua sarafu zetu mpya, zilizozinduliwa Desemba 2018, ziko na wanyama: shilingi moja ni twiga, tano ni kifaru, kumi ni simba, ishirini ni ndovu. Zile za kwanza zilikuwa na sura za marais, lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 231, ilisema noti na sarafu zisibebe picha ya mtu yeyote. Watoto wetu wa Sunday school siku hizi hawasemi kumi, wanasema "niko na simba". Lakini twiga, nani anamwokota? Umeona twiga ameanguka kwa stage, watu wanamkanyaga, mtu mzima hawezi kuinama. Na tangu M-Pesa ije, Machi 2007, sarafu zimezidi kusahaulika. Zimelala kwa gari, kwa mifuko ya makoti ya mwaka jana, kwa mikebe.

Wacha niwaambie ya mkebe mmoja. Mwenyewe amenipa ruhusa niseme, mradi nisimtaje.

Ni ndugu wa hapa, soja wa usiku. Mwezi wa nne alinijia baada ya ibada, amebeba mkebe wa maziwa ya unga wa mtoto wao wa mwisho, kifuniko kimetobolewa kwa kisu. Akaniambia, "Pastor, nataka kuleta hii kama mbegu ya ujenzi. Imejaa." Niliinua, ilikuwa nzito. Na nyinyi mnajua hali ya ujenzi wetu. Upande wa kushoto bado hauna mabati, mvua ikinyesha tunawasogeza akina mama upande huu. Mkebe kama ule nilikuwa nauhitaji. Lakini kuna kitu kilinigusa nikamuuliza, "Ndugu yangu, kuna mtu anakudai?"

Alinyamaza. Halafu akasema, "Ni madeni madogo tu, Pastor."

Madeni madogo. Nikamwambia arudi nyumbani na mkebe wake, amwage mezani na mke wake na watoto, wahesabu, halafu aandike hayo madogo kwa karatasi.

Aliniambia baadaye vile ilikuwa. Waliondoa vikombe mezani, wakatandaza gazeti, akamimina. Watoto walipiga kelele kama ni mvua ya mawe. Wakagawana kazi, kila mmoja mnyama wake. Kifungua mimba alichukua ndovu, wa pili simba, mama akachukua vifaru, na yule mdogo akapewa twiga, akawa anawapanga kumi kumi na mnara ukianguka anaanza upya. Katikati wakapata sarafu ya shilingi arobaini, ile iliyotolewa 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, iko na Rais Kibaki. Watoto hawakuwa wamewahi kuiona. Walibishana kama ni pesa ya kweli. Hiyo wakaiweka kando, bado wanayo.

Ndovu walikuwa 31, hiyo ni 620. Simba 64, ni 640. Vifaru 87, ni 435. Na twiga 145. Jumla, shilingi 1,840. Ndugu yetu aliniambia alihesabu mara ya pili kwa sababu hakuamini. Alikuwa amekaa mwaka mzima akisema hana kitu, na chini ya kitanda iko 1,840. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, lakini methali ukiisikia na ukiiona kwa meza yako ni vitu viwili tofauti.

Halafu karatasi. Mama mboga, 650. Duka la pale kona, 870: unga, sabuni, mafuta ya kupima. Fundi wa viatu, 120, aliyeshona viatu vya shule vya mtoto Januari akaambiwa "nitakuona". Jumla 1,640.

Asubuhi akitoka kazini alipitia stage na simba na ndovu wake ndani ya soksi kuukuu. Makanga saa kumi na moja na nusu asubuhi anamtafuta mtu wa sarafu kama lulu, kwa sababu abiria wote wanampa noti kubwa na nauli ni hamsini. Alimhesabia mbio mbio, akampa noti safi, akamwambia, "Mzae, kesho leta zingine!" Twiga na vifaru alivipeleka dukani. Mwenye duka alifurahia hizo kuliko noti, maana amechoka kuwarudishia watu peremende badala ya shilingi tano. Zikawa 580, akamwongeza 290 juu, deni likaisha. Fundi wa viatu alikuwa amesahau! Alikataa kwanza, akasema "wacha tu," halafu akapokea na mikono miwili.

Akabaki mama mboga. Watu wangu, kwa miezi mitatu huyu ndugu alikuwa anapita njia ya nyuma ya posho mill, tope mpaka kwa vifundo vya miguu, ili tu asipite mbele ya kile kibanda. Mtu mzima. Mtu aliyeokoka, anayeimba kwaya. Siku hiyo alipita njia ya mbele. Akasimama, akasalimia, akahesabu 650 mbele yake. Mama akafungua daftari, akatafuta jina, akalipiga mstari mrefu kwa kalamu. Kisha akasema maneno ambayo ndugu yetu alikuja kuniambia siku hiyo hiyo, na tangu hapo hayajanitoka. Alisema, "Mimi nilidhani nyinyi watu wa kanisa mnalipia mbinguni tu."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anacheka. Akakata dania akaongezea bure. Lakini sikia hiyo sentensi tena: mnalipia mbinguni tu. Tumemwalika mama huyo kwa krusedi mara ngapi? Tumempelekea kadi. Kipaza sauti chetu kinafika mpaka kwa kibanda chake kila Jumapili, anasikia tukitaja ahadi, huyu elfu tano, huyu elfu kumi, Amina, na makofi. Na kwa mapaja yake liko daftari, na ndani ya daftari kuna majina anayoyasikia kwa kipaza sauti. Anasoma daftari na anasikiliza mahubiri kwa wakati mmoja. Wewe unadhani anaamini lipi?

Ile 200 iliyobaki, walinunua robo ya nyama na nyanya, wakala kama familia. Na mimi nilifurahi sana kuisikia hiyo nyama, kwa sababu ndivyo Elisha alivyomwambia yule mjane wa 2 Wafalme 4. Mafuta yalipojaa vyombo vyote alivyoazima kwa majirani, nabii hakumwambia lete fungu langu. Alimtuma. Enda uyauze, ulipe deni, halafu wewe na wanao muishi kwa kinachobaki. Angalia mpangilio huo: muujiza, kisha soko, kisha mdai, kisha sufuria ya nyumbani. Mafuta ya Roho Mtakatifu, mpendwa, yakifika kwako yatakutuma sokoni pia.

Na Bwana Yesu mwenyewe alifanya vivyo hivyo. Mathayo 17, pale Kapernaumu. Wakusanya ushuru wa hekalu wanamuuliza Petro kama mwalimu wake halipi. Ushuru ule ulikuwa drakma mbili kwa kila mtu. Yesu anamweleza Petro kwamba wana wa mfalme kwa haki hawadaiwi, lakini tusiwakwaze hawa watu. Tusiwakwaze! Halafu anamtuma. Anamtuma mvuvi kuvua. Enda baharini, tupa ndoana, samaki wa kwanza, fungua kinywa chake. Na mle ndani mlikuwa na sarafu moja, stateri, yenye thamani ya drakma nne. Mbili za Yesu na mbili za Petro. Chenji haikubaki hata moja. Tunahubiri sana juu ya samaki na tunasahau pesa ile ilienda wapi. Ilienda kulipa. Angeweza kuweka dhahabu kwa kinywa cha yule samaki. Aliweka kiasi cha deni.

Najua mtu ananiuliza moyoni, Pastor, na yule mjane wa sarafu mbili pale hekaluni? Huyo mama tumemhubiri mpaka amechoka, na kila mara tunamhubiri tukiwa tumeshika kikapu. Leo nimpumzishe. Nitasema moja tu, kwamba hakuna mahali tunaambiwa kuwa zile lepta mbili zilikuwa za mama mboga.

Sasa, wazee wa kanisa na mimi tulikaa Jumatano, na hatukukubaliana upesi, nisiwafiche. Mhazini alinionyesha bei ya mabati vile imepanda. Lakini tumekubaliana. Jumapili hii na Jumapili ijayo hakutakuwa na toleo la ujenzi, wala ahadi hazitasomwa kwa kipaza sauti. Fungu la kumi na sadaka za kawaida ziko vile ziko. Lakini ile bahasha ya ujenzi, irudi nayo nyumbani. Fungua mkebe, fungua droo, angalia hata ile salio ya thelathini na saba iliyolala kwa simu. Fanya karatasi. Anza na yule mdogo kabisa, yule ambaye hawezi kukushtaki, hana wakili: dobi, yule kijana wa maji, msichana anayekufulia na kukulelea mtoto, fundi. Walawi 19:13 haukubali ujira wa kibarua ulale kwako mpaka asubuhi. Usimtume mtoto kulipa. Ulimtuma yeye wakati wa kukopa, sasa enda mwenyewe, na kama inawezekana umshike mkono muende pamoja, akuone ukilipa.

Na wewe ambaye utamwaga mkebe upate mia mbili na unadaiwa elfu tatu, usiurudishe chini ya kitanda. Peleka hiyo mia mbili. Simama mbele yake, mwambie, mama, hii ndiyo iko leo. Utaona vile hiyo njia ya mbele ni fupi. Na wewe ambaye hata mkebe hauna, na nyumba ni baridi, usiende na haya. Mashemasi watakuwa ofisini Jumanne na Alhamisi kuanzia saa nane. Kuna kidogo kimewekwa kwa ajili hiyo, na hakuna jina litakalosomwa hapa mbele.

Ambao hamdaiwi na mtu, mshukuruni Mungu, na angalieni daftari lenu nyinyi. Pengine kuna mtu ndani yake anapita njia ya matope kwa sababu yenu.

Mabati yatakuja. Yoashi alikuwa mfalme mwaka wa 23 na hekalu bado lilikuwa na nyufa, mpaka kuhani Yehoyada alipochukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka kando ya madhabahu. Watu wakaweka, likajaa, likahesabiwa mbele ya mwandishi wa mfalme, maseremala na waashi wakalipwa. 2 Wafalme 12, kasomeni nyumbani. Sisi sanduku letu litarudi hapa mbele Jumapili ya kwanza ya mwezi.

Tusimame tuombe. Baba, wakumbuke wanaotembea wiki hii na sarafu kwa soksi na karatasi mkononi. Wape ujasiri wa kupita njia ya mbele. Mbariki mama mboga wetu, gunia lake lisioze, wateja wake wamlipe. Katika jina la Yesu, Amina.